Saa Isiyotiwa Ufunguo

Mama alipotangaza kwamba mwaka huu anakwenda kuhiji, sisi watoto tulidhani kazi kubwa itakuwa pasipoti na chanjo. Hatukumjua mama yetu. Pasipoti ilitoka, chanjo akachomwa bila hata kukunja uso, na kazi iliyobaki ikawa ni kabati.

Alilifungua lile kabati la chumbani kwake, akavuta kiti, akakaa mbele yake kama hakimu, akawa anatoa kitu kimoja kimoja na kukihoji: wewe ni wa nani? Mtu anayekwenda Makka, alisema, haachi nyuma vitu vya watu. Sahani ya jirani ilirudi kwa jirani, ambaye alikuwa ameshasahau kwamba aliwahi kuwa na sahani. Mwavuli ulirudi kwa shemeji. Kitenge ambacho hakuna aliyekumbuka kilikotoka kilitolewa sadaka. Mwisho vikabaki vitu viwili vya marehemu baba: kubadhi moja la mguu wa kulia, na saa.

Kubadhi lilikuwa na maelezo yake, ingawa hayakutosha. Baba alikuwa na makubadhi ya ngozi aliyoyapenda kuliko viatu vyote, na mikanda yake ilipokatika aliishona mwenyewe kwa uzi wa buluu, akisema uzi wa kahawia ataununua kesho. Siku ya msiba wake mtu alichukua la kushoto pale barazani. Mama alikuwa chumbani, amezungukwa na wanawake, hakuona kitu. Mimi pia nilikuwa ndani. Ninachokumbuka ni kwamba huko nje palipasuka vicheko, vikatulia, vikapasuka tena, na mimi nikaapa kwamba ningemjua anayechekesha watu msibani kwetu ningemmwagia ndoo ya maji. Tulipotoka, kubadhi la kushoto halipo. Mama aliweza kumwelewa mwizi. Ambaye hakumwelewa ni mwizi wa kiatu kimoja. "Ana mguu mmoja?" aliuliza siku ile, na tangu hapo aliendelea kuuliza kila alipofungua kabati.

Saa ilikuwa kesi nzito zaidi. Ni saa ya mkono ya Uswisi, ya kizamani, ndogo kwa mkono wa mwanamume wa leo, na uso wake uliokuwa mweupe umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Baba alikuwa fundi cherehani. Pale barazani kwetu, Kariakoo, alishona suruali na makoti maisha yake yote bila kumkabidhi mteja nguo siku aliyomwahidi. Sitii chumvi. Futi shingoni, miwani kwenye ncha ya pua, alimtazama mteja kwa huruma ya kweli, akamwambia, "Njoo kesho." Mteja alikuja kesho, akaambiwa njoo kesho. Wapo waliooa kwa suti za kuazima. Na mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa na saa nzuri kuliko zote mtaani.

Tena ilikuwa imesimama. Tangu nipate akili sikuwahi kuona mishale yake ikisogea. Aliivaa siku za Idi, na siku chache nyingine alizotaka kujishaua. Mtu akimuuliza saa ngapi, aliinua mkono, akaitazama kwa makini, kisha akatoa shingo nje ya baraza akatazama jua, ndipo akajibu. Tulipomwambia aipeleke kwa fundi alikataa katakata. "Haina kasoro," alisema. Na sisi tusiiguse.

Ilitoka wapi? Hapo kila mtoto alikuwa na hadithi yake aliyopewa na baba mwenyewe. Kaka mkubwa alijua kwamba Mswisi mmoja alishonewa kaptula, akafurahi, akaivua mkononi akampa. Kwa jinsi tulivyomjua baba, huyo Mswisi angekuwa anaisubiri kaptula yake mpaka leo. Kaka wa pili alijua kwamba ilipatikana kwa kubishania mpira. Mimi, kitinda mimba, nilipouliza niliambiwa, "Hii ni mgonjwa, imelazwa kwangu." Nikaridhika, kwa sababu nilikuwa katika umri wa kucheza hospitali.

Mama ndiye hakuridhika. Kila alipomuuliza baba saa hii ni ya nani, baba alijibu, "Ya mwenyewe," akaendelea kukanyaga cherehani. Mama ni mtu wa Unguja, wa ukoo wenye damu ya Kiarabu, amelelewa kwa masharti, na mzaha wa bara haujawahi kumwingia hata kidogo. Alikuwa na hofu yake aliyoibeba miaka yote ya ndoa. Fundi wa nguo anaachiwa vitu mifukoni. Pengine mteja alivua saa ili apimwe mkono wa koti, akaisahau, akaambiwa njoo kesho, akafa kabla hiyo kesho haijafika.

"Kama ni amana ya mtu," aliniambia, ameishika kwa ncha za vidole, "sasa iko shingoni mwangu. Mwenyewe aliyeiweka kashafariki. Sipandi ndege mimi."

"Mama, ni saa tu. Tena mbovu."

"Siku ya kiyama hawatauliza kama inatembea."

Na mama akisema hapandi ndege, hapandi. Kaka zangu wawili wakagundua ghafla kwamba wana kazi nyingi. Nikabaki mimi, na nakiri kwamba sikukubali kwa ajili ya Makka peke yake. Baba alipofariki, kaka mkubwa alichukua cherehani, wa pili akachukua redio, na mimi nikabaki na picha mbili na kilio. Nilikuwa naitaka ile saa. Nilitaka nithibitishe kwamba ni ya baba kihalali, mama asafiri na roho nyeupe, na mimi nibaki nayo mkononi. Hayo ndiyo yalikuwa mahesabu yangu.

Nina fremu ya mapazia Kariakoo, kwa hiyo sikwenda mbali. Kona ya pili kutoka dukani kwangu anakaa fundi saa nyuma ya kabati lake dogo la kioo, kati ya muuza mikanda na muuza soksi. Ni fundi mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Kabla hajaishika alishaniambia kwamba mashine imekufa, spea zake hazipo tena duniani, ila yeye kwa bahati anazo.

"Ifungue kwanza," nikamwambia.

Alibandika kioo chake jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma, akachungulia ndani. Akaifunga, akashika kile kitufe cha pembeni, akakizungusha taratibu kwa vidole viwili. Saa ikaanza kugonga.

Nilimkazia macho. Yeye naye akanikazia macho, akiona spea zake zinapotelea hewani.

"Dada, hii saa haina tatizo. Ilikuwa na njaa tu. Nyie nyumbani mlikuwa hamuitii ufunguo?"

Mshale mwembamba wa sekunde ulikuwa unazunguka kwa madaha. Umri wangu wote! Umri wangu wote tumeishi na saa nzima, tukiamini ni mbovu, na baba akitazama jua. Nilisikia hasira inapanda, na aliyenikasirisha yuko kaburini, hata wa kumfokea sina.

Fundi alitaka kufidia spea zake, akaigeuzageuza tena chini ya kile kioo. "Halafu ona. Chini ya jina la Uswisi kuna maandishi madogo. Jina la duka. Zamani maduka makubwa ya hapa mjini yaliagiza saa zikaja na jina lao humo humo." Akanisomea. Nililijua. Nilikuwa nimepita mbele ya kibao hicho mara nyingi nikienda benki, kule Mchafukoge, bila kukitupia jicho.

Duka lenyewe leo linauza udi, manukato, chaja za simu, na saa za ukutani zenye picha ya Al-Kaaba. Mwenyewe ni mzee wa Kiarabu aliyezaliwa orofa ya juu ya duka hilo hilo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kupanga vichupa vyake. Nilipoiweka saa mezani aliacha kila kitu.

"Hii imetoka hapa," akasema, akagonga meza kwa kidole. "Hapa hapa. Baba yangu aliagiza chache, akaomba Waswisi waandike na jina la duka. Alijuta. Wateja walisema wanataka saa ya Uswisi, hawataki tangazo la Mwarabu."

"Alimuuzia nani hii, mzee wangu?"

"Hakuuza. Hii ina alama." Akanionyesha mkwaruzo mdogo juu ya namba sita, chini ya kioo. "Nilifanya mimi nikiwa mtoto, nilipata fimbo, sijasahau. Ikawa haiuziki. Siku mfanyakazi wetu alipooa, baba akamvisha. Mnyamwezi wa Tabora. Kazi yake kila asubuhi ilikuwa kuzitia ufunguo saa zote za duka. Baba alisema mtu anayelisha saa za wenzake na yeye awe na yake."

Niliuliza huyo mfanyakazi yuko wapi. Akaniambia alikufa zamani, bado kijana, ameacha watoto wadogo.

Mtu amekufa kijana, ameacha mjane na watoto, na saa yake ikaonekana mkononi mwa baba yangu kila Idi. Hofu ya mama ya amana iliyosahaulika mfukoni ilianza kuonekana nafuu.

"Mjane wake yupo," mzee akaendelea. "Yuko Mchikichini, anauza viatu vya mitumba. Ukifika upande wa viatu, usiulize mtu. Sikiliza tu nani anatukana wateja."

Nilikwenda Mchikichini kwa miguu, na njia nzima nilikuwa mtoto wa mwizi. Nilijaribu kumtetea baba kichwani. Labda aliinunua kwa mjane. Basi kwa nini hakusema? Labda aliokota. Hapana. Kwa nini kila mtoto alipewa uongo wake? Mtu mwenye jambo la halali anasema mara moja, tena jambo moja. Nilipofika sokoni nilikuwa nimeshamhukumu na kumfunga.

Mzee wa duka alisema kweli, sikuhitaji kuuliza. Nilisikia sauti ya kike ikimwambia kijana mmoja kwamba kwa miguu kama ile asingenunua viatu, angenunua mtumbwi. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, amekaa kwenye kigoda katikati ya viatu, miwani imening'inia shingoni. Kijana alikuwa anacheka huku analipa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unavaa namba ngapi?"

"Sijaja kununua viatu."

"Basi sogea, unanizibia biashara."

Nikatoa saa. Hakuitazama. Alinitazama mimi, kuanzia paji la uso kushuka chini.

"Wewe ndiye kitinda mimba," akasema. "Umechukua paji la uso la baba yako lote, hukuwaachia wenzako. Pole." Halafu akageukia meza za jirani, akapaza sauti ya kuitisha soko: "Jamani! Mwizi wa saa kajileta mwenyewe!"

Watu walikusanyika. Mimi naweza kugombana na yeyote, bei ya pazia tu nagombana, lakini pale nilitafuta pa kujificha. Nikainua macho nisione nyuso za watu, na juu ya kichwa chake, kwenye msumari, nikaliona. Kubadhi moja la ngozi, la mguu wa kushoto, limeshonwa kwa uzi wa buluu.

"Kile kiatu," nikasema.

"Hakiuzwi."

"Ni cha baba yangu!"

"Najua cha nani. Nilikichukua kwa mkono wangu mwenyewe barazani kwenu, siku ya msiba. Kaa chini. Ondoeni macho jamani, ni mtani wangu huyu, mambo yetu ya ndani."

Watu wakacheka, wakatawanyika. Nikakaa juu ya furushi la viatu, akanieleza.

Baba alikuwa Mzaramo. Marehemu mumewe alikuwa Mnyamwezi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na utani huo hauishii kwenye maneno: mmoja akifiwa, mwenzake anakuja msibani kuigiza marehemu, anafanya vituko mpaka wafiwa wacheke, anabeba kitu cha marehemu na kudai kikombolewe ndipo akirudishe. Hilo nililijua kwa kusikia tu. Kwetu halikuzungumzwa, maana mama aliliona ni ushamba, na baba hakupenda ugomvi wa nyumbani.

Mumewe alipofariki, baba alifika asubuhi, akaingia moja kwa moja ndani, akaitoa ile saa kwenye msumari, akaivaa. Kisha akawapitia waombolezaji mmoja mmoja, akiwashika masikio na kuyazungusha kama anatia saa ufunguo, akiwakemea kwamba wamechelewa kazini.

"Nilicheka," alisema yule mama. "Mume wangu yumo ndani, hajazikwa bado, na mimi nacheka. Nilidhani sitacheka tena. Nilimchukia na nilimshukuru."

Wazee walichanga kikombozi, wakaweka kwenye sahani. Kwa desturi jambo lingeishia hapo. Baba akakitazama, akasema hakitoshi, akaondoka na saa.

Idi iliyofuata alibisha hodi. Saa mkononi, na kifurushi kwapani. Akawapanga watoto watatu wa marehemu ukutani na kuwauliza, "Mmepata kikombozi cha baba yenu?" Wakatoa walichonacho: kashata, goroli, mmoja akatoa jino lake lililong'oka. Akavipokea kwa heshima, akavipima, akasema havitoshi, atarudi Idi nyingine. Kifurushi akakitupa kitandani, eti ni mabaki ya vitambaa vya wateja. Ndani mna suruali, shati, gauni, vyote vipya, vimewakaa sawasawa. Akarudi Idi iliyofuata. Akarudi zote, mpaka wale watoto wakaoa na kuolewa. Hakuitia saa ufunguo. Aliwaambia siku wakiikomboa ndiyo itatembea.

"Sasa tungeikomboaje?" akaniuliza. "Tukiikomboa, angekuja kufanya nini tena? Na mimi sikuwa mtu wa kupokea nguo za sadaka. Ningemrushia usoni. Lakini mtani huwezi kumrudishia, kaja kukutukana."

Nilikuwa na swali, na sijui kwa nini ndilo lililotangulia kutoka. "Hizo nguo, alikuwa anachelewa?"

"Kuchelewa? Kabla watu hawajaanza kutazama mwezi, nguo zipo."

Nilikasirika, sisemi uongo. Idi zetu mimi na kaka zangu tulizisali na suruali zisizo na vifungo. Gauni langu moja lilifungwa kwa pini za nepi mgongoni. Mama alimpigia baba kelele mpaka majirani wakapata aibu, na baba akawa ameinama kwenye cherehani, anasema linakuja, linakuja. Kumbe palikuwa na watoto wengine mbele yetu kwenye foleni. Niliwaonea wivu watoto ambao sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Kisha nikawaza lile jino kwenye kiganja cha baba, akilipima kwa makini, na hasira ikakosa pa kukaa. Nikalia juu ya furushi la viatu vya watu.

Baba alipofariki, walikuja wao sasa, zamu yao. Yule mama alivaa futi ya baba shingoni, akashusha miwani mpaka ncha ya pua, na wanaume walipokuja kubeba jeneza akawazuia mlangoni: "Haijawa tayari. Njooni kesho!" Ndivyo vile vicheko nilivyovisikia. Kaka zangu walikuwa wametangulia makaburini. Aliitafuta saa aichukue, lakini mama alishaifungia, ndipo akabeba kubadhi akarudi kwake kusubiri tuje tulikomboe.

"Mwaka wa kwanza, hamjaja. Wa pili, hamjaja. Nikasema hawa Wazaramo gani, wanamwacha baba yao anatembea peku?"

Nikamwambia habari ya Makka, nikamwomba aseme tu kwamba ametoa radhi, mama apate kusafiri.

"Simpi!" akasema, akarudi kwenye viatu vyake. "Aje mwenyewe. Na aje na saa."

Nilimsimulia mama jioni hiyo, kila kitu, nikitegemea hotuba kuhusu ushamba. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu. "Nguo zao zilifika kabla ya Idi?"

"Kabla ya mwezi."

"Na mimi nilikesha nakunja pindo zenu kwa mkono," akasema, akaingia chumbani akafunga mlango.

Asubuhi alivaa baibui lake zuri, akajifukiza udi, tukaenda. Mama hajawahi kufika upande wa viatu wa Mchikichini. Alipita kati ya meza kama anakanyaga mayai. Yule mama alipomwona alinyanyuka kwenye kigoda, akajishika kiuno, akaliita soko zima lije limtazame Hajati anayekwenda Makka na saa ya mayatima. Mama hakutikisika. Alisubiri mpaka maneno yakaisha, akafungua mkoba, akaiweka saa juu ya meza katikati ya viatu.

"Saa yako hii. Mimi sikujua. Naomba radhi kwa niaba ya mume wangu, na kwa niaba yangu."

"Alikuwa anakuja kwangu kila Idi, hukujua?"

"Nilijua anakwenda mahali. Nilidhani ana mke mwingine."

"Mimi?" Yule mama alijitazama, akamtazama mama, akacheka mpaka akashika meza. Akaichukua saa. Kicheko kikakatika katikati. Aliisogeza sikioni.

"Nani kaitia ufunguo?"

"Ni mimi, kwa mkono wa fundi," nikasema. "Sikujua."

Alikaa kwenye kigoda, saa ipo sikioni, amefumba macho. "Alikuwa haivui akilala," alisema baadaye, taratibu, kama anamwambia mama peke yake. "Mkono wake ulikuwa mto wangu. Huu mlio ndio nilikuwa naulalia."

Mama yangu, asiyependa kuguswa na watu asiowajua, alivuta furushi akakaa kando yake, bega kwa bega, na baibui lake la udi. Sikusikia waliyonong'ona. Niliona tu yule mama akimshika mama mkono, akisema, "Nenda. Radhi zangu unazo, na za marehemu unazo."

Kwa hiyo mama alipata radhi, na mimi nikakosa saa, maana ilikwishavaliwa mkononi mwa mwenyewe. Mama aliponyanyuka akaonyesha msumari. "Na hicho kiatu cha mume wangu?"

"Utakikuta ukirudi."

"Na nisiporudi?"

"Nitakuja mimi kwenu kuchukua na cha pili."

Ndipo mama alipocheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya ushungi, na nilipogeuka kuvaa viatu vyangu, ambavyo nilivivua ili nikae vizuri juu ya furushi, nilikuta cha kulia peke yake.

Nilitafuta chini ya meza. Nilitafuta nyuma ya furushi. Wauzaji wote walikuwa wanatazama mbinguni.

"Kiatu changu kiko wapi?"

"Kiatu gani?" akauliza yule mama, anasafisha miwani.

Nikasema basi niuzieni ndala zozote, nalipa. Meza yake ikawa haiuzi. Meza ya jirani, nayo haiuzi. Soko zima la viatu, dunia nzima ya viatu, hakuna aliyekuwa na kiatu cha kumuuzia Mzaramo. Nilirudi Kariakoo mguu mmoja peku, nachechemea, natukana, na mama yangu pembeni amenishika mkono, anacheka kila baada ya hatua kadhaa, mpaka wapita njia wakadhani tumechanganyikiwa wote wawili.

Mama yuko Makka ninapoandika haya. Kabatini mwake kuna viatu viwili, vyote vya mguu wa kulia, kubadhi la baba na kiatu changu, na hakuna kitu kingine cha mtu. Amepiga simu, na baada ya salamu ameuliza kama nimepewa kiatu.

Nilikwenda kukidai. Nilibeba kashata, nikijua hazitatosha. Yule mama alizipokea, akazipima kiganjani. Kubadhi la baba lipo pale pale msumarini, na kiatu changu kimetundikwa kando yake. Akachukua kamba ya kiatu akaitundika shingoni, akashusha miwani mpaka ncha ya pua, akanitazama kwa huruma ya kweli. Nilijua anachotaka kusema kabla hajafungua mdomo.

"Njoo kesho," akasema.

Naenda.